Nguo Saba, Mkono Mmoja

Dada mshauri,

Nisaidie, lakini usinionee huruma kabla hujafika mwisho wa barua, kwa sababu mimi si mtu aliyeonewa tu, mengi nimeyafanya mwenyewe kwa mikono yangu hii hii, na utaona kwamba nikisema mikono nina maana ya mikono kweli.

Nina miaka arobaini na mitatu, nina mume na watoto watatu, na nina duka la ushonaji nililolifungua nikiwa bado msichana, cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu na pazia la wateja kubadilishia nguo, na kwa miaka kumi na tisa hakuna mtu aliyewahi kuniletea nguo akaniambia mshono wako umefumuka, sijisifu, nakueleza tu ili ujue sikwenda chuo kikuu kwa kukosa la kufanya. Nilikwenda kwa sababu ya sare za wauguzi. Zahanati moja iliniletea kitambaa cheupe nishone sare arobaini, nikawapima wauguzi mmoja mmoja, nikakata, nikashona, wakavaa wakafurahi, na baada ya wiki mbili mkuu wao akaingia dukani na mfuko, akamwaga sare mezani, mikono imepanda karibu na viwiko na magauni yamepita juu ya magoti, akasema mbele ya wateja watatu kwamba nimewaibia kitambaa. Sikuiba hata kipande. Lakini sikuwa na jibu, nilisimama pale na futi yangu shingoni kama mtu aliyekatwa ulimi, kwa sababu kila fundi anajua kwamba vitambaa vingine hurudi vikifuliwa, lakini kwa nini kile kilirudi kiasi kile na kingine hakirudi, na ningejuaje kabla sijatia mkasi, hayo sikuyajua, na mtu asiyeweza kujieleza huonekana mwizi hata akiwa na mikono misafi.

Ndipo nikaamua nikasome. Chuo kikuu cha mji wetu kina shahada ya mavazi na nguo ya miaka mitatu, nikafanya mtihani wa watu wazima nikapita, nikamwachia fundi mwenzangu duka asubuhi, mchana nikawa nafungua mwenyewe. Mume wangu ni dereva wa lori, mtu mpole, alicheka akasema sawa, ukichoka utaacha. Wifi yangu hakuwa mpole, alizunguka kwa ndugu wote akiwaambia kwamba fundi amekwenda chuo kikuu kujifunza kutunga uzi kwenye sindano, na mpaka leo akinipigia simu anauliza kama tumeshafika kwenye vifungo.

Siku ya kwanza nilifika mapema nikakaa kwenye benchi nje ya darasa, wanafunzi walipoanza kuingia mmoja akaniamkia kwa adabu zote akaniuliza funguo za chumba cha cherehani ziko wapi, alidhani mimi ni mhudumu. Nilipoingia nikakaa nao, wote wakageuka kunitazama. Wakaniita Shangazi. Hawakunitukana, dada, watoto wale hawakuwa wabaya, ila walikuwa wakipanga kazi za makundi mimi nabaki peke yangu kama kiti cha ziada, na wakati wa mapumziko nilikuwa nasimama dirishani najifanya nasoma ujumbe kwenye simu ambayo hakuna aliyeniandikia.

Lakini masomo niliyapenda. Kwenye maabara tulichoma nyuzi moja moja kwenye mwali, pamba inanuka karatasi, sufu inanuka nywele, na ile ya plastiki inayeyuka inakuwa shanga nyeusi, nikaambiwa hivyo ndivyo unavyoujua uzi anaokudanganyia muuzaji. Na siku mhadhiri alipotufundisha kwamba kiwandani kitambaa huvutwa kwa nguvu kikanyooka kupita kiasi, kisha maji yakikiingia nyuzi zinalegea na kurudi kwenye urefu wake wa kweli, na kwamba unakata kipande cha kipimo, unakifua, unakipima tena, unajua yote kabla hujagusa mkasi, niliweka kalamu chini nikalia mbele ya watoto wa watu. Jibu lilikuwa dogo hivyo, na mimi kwa ajili yake niliitwa mwizi.

Kilichonishinda ni kompyuta. Siku hizi karatasi za kukatia nguo zinachorwa kwenye kompyuta, kila mwaka kuna somo lake, na mimi ni mwenye mashoto, nilikuwa nashika kile kipanya kwa mkono wa kulia kama nilivyokikuta na mshale kwenye kioo unakimbia kama una akili zake, nikibonyeza hapa mstari unatokea kule, nikitaka kola inatoka kitu kama sikio la tembo. Muhula wa kwanza nilipata alama kumi na tisa kati ya mia. Na upande wa pili kulikuwa na msichana mmoja tunayemwita Kipepeo kwa jinsi anavyovaa rangi, kichwa chake kinatoa michoro ambayo sijawahi kuiona, anachora kwenye kompyuta kama anakuna mkono, lakini mpe sindano utamhurumia, mkono wa koti anaushona ukakaa begani kama umekatika. Siku moja akanikuta chumba cha kompyuta nimekodoa macho, akavuta kiti akakaa, akasema, "Shangazi, wewe nishonee mkono wa koti, mimi nitakuchorea hii kola, na hakuna atakayekufa."

Hakuna aliyekufa. Nikamshonea. Akanichorea, nikapata themanini na mbili. Nami nitakwambia ukweli ambao sijamwambia hata mume wangu, kwamba kilichonifurahisha si zile alama, ni kwamba kesho yake nilipoingia darasani Kipepeo alikuwa ameweka mkoba wake kwenye kiti cha pembeni yake, na aliponiona akautoa.

Basi ikaenda hivyo. Baada ya Kipepeo akaja rafiki yake na suruali, akaja kijana mmoja na shati, mwaka wa pili walikuwa wanne na mwaka wa tatu sita, wananiletea dukani vitambaa vikiwa vimefungwa kwenye magazeti, sikuwatoza hata senti, mmoja ananiandikia ripoti, mwingine ananinakilia masomo niliyokosa, na Kipepeo ananifanyia kila kitu cha kompyuta, kila kitu, tangu kola ile sijachora mstari hata mmoja mwenyewe. Nilijua ni kosa. Sikuwa mtoto. Nilikuwa najiambia ninawasaidia.

Mwezi uliopita yakawa maonyesho ya kumaliza masomo, kila mmoja analeta vazi moja alilobuni na kulishona mwenyewe, kuna waamuzi watatu kutoka nje, na yule wa kwanza anapata nafasi ya kazi kwenye nyumba moja kubwa ya mitindo. Kipepeo alikuwa amebuni koti ambalo kola yake inatoka kwenye kipande kile kile cha kifua, haina kiungo, ni kazi ya akili kweli, nami nilipolishona nilijua nimeshona kitu ambacho sitakishona tena maishani. Lilipopita jukwaani watu walisimama kulitazama. Likawa la kwanza.

Mmoja wa waamuzi ni mzee aliyewahi kuwa na kiwanda cha makoti, mtu mfupi, mkimya, na baada ya washindi kutangazwa alikwenda nyuma ya jukwaa kuziangalia nguo kwa karibu. Alikuwa hazitazami kwa nje. Anageuza kila moja ndani, anapitisha kidole kwenye pindo, kwenye bitana, kisha anatundika au anaweka mezani. Nilipoona mezani zimefika tano nikaanza kutokwa na jasho, kwa sababu zote tano nilizijua, kisha akaweka ya sita na ya saba, na ya saba ilikuwa yangu mwenyewe. Unajua mwenye mashoto akishona pindo kwa mkono, mishono inalala upande wa pili, haiwezi kulala kama ya watu wengine, hata ungefanya nini. Akamwita mkuu wa idara, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Darasa hili lina wanafunzi wangapi wa mkono wa kushoto?"

Mkuu wa idara akatuangalia. Wenzangu wote wakaniangalia mimi.

Alituita mmoja mmoja ofisini. Kipepeo akasema Shangazi alinisaidia pindo tu. Wengine wakasema hivyo hivyo, pindo tu, pindo tu, na zamu yangu ilipofika nami nikafungua mdomo nikasema pindo tu. Mkuu wa idara ni mama wa makamo kama mimi, hakunigombeza, akanipa karatasi tupu, akasema matokeo ya watu saba yamezuiwa, kila mmoja ana wiki tatu za kuandika maelezo yake na kutia sahihi, na kitakachoandikwa ndicho kitakachokwenda kwenye kamati ya nidhamu.

Wiki ya kwanza Kipepeo alikuja dukani na mama yake. Mama yake ni mwanamke wa heshima, alikaa kwenye kiti cha wateja, akasifu duka, akasifu mpangilio wa vitambaa, kisha akanyoosha maneno. Akasema, "Mama mwenzangu, mwanangu ndiyo kwanza anaanza maisha, wewe yako umeshayapata. Una duka, una mume, shahada ya nini kwa umri huu? Andika kwamba ulishona pindo tu, na ukiona aibu kurudi chuoni basi acha, utakuwa umemwokoa mtoto." Kipepeo alikuwa anaangalia sakafu. Niliwafungulia mlango wakatoka.

Nikamweleza mume wangu aliporudi safari, nikamweleza yote isipokuwa habari ya kile kiti, akasikiliza vizuri kisha akasema kwa upole wake, "Si ulitaka kujua kwa nini kitambaa kinarudi? Umeshajua. Basi na wewe rudi nyumbani." Alidhani ananifariji.

Dada, nimechoka kuambiwa kinachonitosha. Wifi anajua kinachonitosha, mama Kipepeo anajua, mume wangu anajua, kila mtu ana futi yake ananipima na wote wanatoa kipimo kile kile, duka, mume, inatosha. Sitaki kuacha. Nikiandika uongo wa pindo, nitapata shahada pamoja na wale watoto na hakuna atakayeumia. Nikiandika ukweli wote, hata ule wa kompyuta, naweza kufukuzwa nikiwa nimebakiza mtihani mmoja, na Kipepeo atapoteza kazi ambayo kichwa chake kinaistahili. Karatasi iko kwenye droo ya cherehani, bado tupu, zimebaki siku tisa. Niambie nifanye nini, na uniambie bila kunipaka mafuta.

Fundi mwenye mashoto

*

Mdogo wangu fundi,

Barua yako imefika jana na nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa sababu ya zile siku tisa. Umesema nisikupake mafuta. Kaa sawa.

Kwanza tuondoe neno moja katika barua yako. Umeandika kwamba ulikuwa unawasaidia. Hukuwasaidia. Msaada ni kukaa na Kipepeo mchana mmoja, kumfumulia ule mkono wa koti mara nne mpaka ukae begani, naye ananuna na wewe hujali. Ulichofanya wewe ni rahisi zaidi, ulimshonea. Miaka mitatu umekaa na msichana mwenye kipaji ukamwacha bila mikono, na leo unaniuliza kama ukweli utamwumiza. Ameshaumia, mama. Ataingia kwenye hiyo nyumba ya mitindo, siku ya pili mtu atamwambia ashone mbele yake, na wewe hutakuwepo na gazeti lako. Nawe amekufanyia vivyo hivyo. Amekuchorea mpaka umefika mwaka wa mwisho unaogopa kipanya. Mmekatana vidole na mkaita urafiki.

Sasa la pili, na hili nalisema taratibu. Habari ya kile kiti nimeisoma mara tatu. Mtu mzima aliyekaa miezi peke yake dirishani, akijifanya anasoma simu, akawekewa kiti pembeni ya mwenzake, nani asingeshona koti? Mimi ningeshona mpaka suruali. Sikulaumu kwa kukitaka kiti. Nakulaumu kwa kuamini kwamba kinalipiwa kila wiki. Mwambie mumeo habari ya kiti. Umemweleza makosa yako yote ukamficha upweke wako, halafu unashangaa kwamba hakuelewa. Angejuaje?

Na huyo mama aliyekaa kwenye kiti chako cha wateja. Mtoto wake anaanza maisha, sawa, lakini nani alimpa mamlaka ya kutangaza kwamba yako yamekwisha? Anakutaka ujifungie kwenye duka ili binti yake apite mlangoni. Ungekuwa umemwambia neno pale pale ningefurahi, lakini kumfungulia mlango ni jibu pia, wala lisikusumbue. Kuhusu wifi yako, akipiga tena kuuliza habari za vifungo, mwambie bado, tuko kwenye kemia ya rangi, kisha umwombe akueleze rangi inashikaje kwenye pamba. Hatapiga tena.

Lakini sikiliza, hasira yako ni nzuri na ina kazi moja tu. Usiitumie kuandika uongo. Ukiandika "pindo tu" utapata karatasi yenye jina lako na kila ukiitazama utaona kazi ya Kipepeo. Na ukiacha chuo kimya kimya, watu wote waliokupima watakuwa wamepatia. Yote mawili ni kukubali, na wewe katika barua nzima umeniambia jambo moja, kwamba hukubali. Basi usikubali.

Fanya hivi. Kesho asubuhi, kabla ya kuandika, nenda kwa Kipepeo mwenyewe, si kwa mama yake. Mwambie utaandika ukweli, na mwambie siku utakayoupeleka, ili asije akasema ulimchoma kisu mgongoni. Usimwombe ruhusa. Kisha kaa uandike. Andika nguo ulizoshona, lini na kiasi gani. Andika kila somo la kompyuta ulilochorewa, tangu kola ya kwanza. Andika pia kwamba ofisini ulidanganya. Usiandike nani alikushawishi na nani alianza. Wenzako wana karatasi zao. Lakini muundo wa lile koti ni wa Kipepeo, na hilo liandike kwa herufi za kueleweka, kwa sababu ni kweli, na ni haki yake.

Mwisho wa karatasi usiombe msamaha kwa kurasa mbili. Sentensi moja inatosha. Baada yake andika unachotaka: kwamba masomo ya kompyuta yafutwe yote, uyarudie, na utahiniwe mwenyewe mbele ya mtu. Wakikupa mwaka, chukua mwaka. Wakikupa miwili, chukua miwili. Wakikufukuza, ngoja muda wanaouweka kisha fanya tena ule mtihani wa watu wazima, wala usiniandikie kwanza kuniuliza kama inafaa kwa umri wako. Inafaa.

Ukiingia kwenye kamati, usilie. Ulilia kwa kujua kwa nini kitambaa kinarudi, hayo yalikuwa machozi halali. Haya ya kamati usiwape. Vaa nguo uliyojishonea, kaa wima, jibu unachoulizwa.

Fungua droo.

Mshauri wako

*

Mwandishi wa barua ile ameniandikia tena baada ya miezi tisa, akaniruhusu niichapishe. Naiacha kama ilivyo.

Dada mshauri,

Nilikwenda kwa Kipepeo asubuhi kama ulivyosema, hakunifukuza wala hakunikaribisha, tulisimama mlangoni, nikamwambia nitapeleka Jumatano, akasema nimemmaliza, akafunga mlango. Nikaandika kurasa tatu. Ile habari ya koti kuwa lake niliiandika kwanza kabisa, juu.

Kamati ilikaa saa nne nzima. Wawili kati ya wale sita walisikia kwamba nimeandika ukweli wakabadilisha maelezo yao wakaandika ya kwao, mmoja wao ni yule kijana wa shati, siku hizi tunaamkiana. Kipepeo alishikilia pindo mpaka wakamwekea cherehani na vipande vya mkono wa koti ndani ya chumba kile kile, wakamwambia ashone. Sikufurahi, dada, nilikuwa nje ya mlango nasikia mashine inaanza na kusimama, inaanza na kusimama, na nilijua kila mahali alipokwama. Ushindi wakamnyang'anya, kazi ikaenda kwa mwingine, wakampa nafasi ya kurudia mwaka kama mimi, akakataa, akahama chuo. Mama yake tulikutana benki, akatazama pembeni. Sina la kumwambia, na sijui kama Kipepeo atanisamehe. Nikipata anwani yake mpya nitamwandikia mara moja tu, nimwambie akitaka kujifunza ule mkono wa koti nitamfundisha, safari hii kwa kumfumulia.

Mimi walinifutia masomo yote matatu ya kompyuta, wakanirudisha mwaka mzima, na barua ya onyo kali ikawekwa kwenye faili langu. Mume wangu nilimweleza habari ya kiti. Akauliza kama safari zake zimenifanya niwe hivyo hata nyumbani, na hilo tulilizungumza mpaka chai ikapoa. Siku zake za mapumziko sasa anakaa dukani mchana, hajui kushona lakini anapokea wateja, naye huwaambia mke wangu yuko chuo kikuu, bila kuulizwa.

Nakaa na watoto wa mwaka wa kwanza kwenye chumba cha kompyuta. Nimehamisha kipanya upande wa kushoto, kumbe inawezekana, miaka mitatu hakuna aliyeniambia na mimi sikuuliza. Wiki saba mistari ilinikimbia. Kola yangu ya kwanza niliichapisha, nikaikata, nikaishona, haikuingia shingoni, nikarudi kwenye mashine nikatafuta mahali nilipokosea, nikaikata tena, nikaishona tena, mara tano, ya sita ikaingia. Mtihani wa somo la kwanza nilifanya peke yangu, msimamizi amesimama nyuma ya kiti changu mwanzo mpaka mwisho.

Nimepata hamsini na nne. Zile themanini na kitu za zamani sikuwahi kumwonyesha mtu nyumbani, hii nimeibandika ukutani dukani pembeni ya kioo, mahali mteja anapojitazama, na mkuu wa wauguzi, yule wa sare arobaini, ambaye siku hizi ni mteja wangu, alipokuja juzi kuchukua koti lake akaisoma akauliza hamsini na nne ya nini, nikamwambia ni ya kwangu.